Walter Morris, askari wa parachuti aliyetumwa kuzima moto

Hebu nikuulize: ungekubali kulinda shule ambayo wewe mwenyewe huruhusiwi kusoma? Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Walter Morris na vijana wake weusi huko Fort Benning, Georgia, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wazungu walifunzwa kuruka na parachuti, wao wakashika zamu. Na manze, hii ndiyo huniuma: Morris alisimulia kwamba mateka wa Kijerumani walihudumiwa kwenye duka la kambi, yeye Mmarekani hapana.

Hakupiga kelele. Wazungu wakishamaliza mazoezi, alileta vijana wake wakaiga kila kitu. Jenerali Gaither akawaona, na 1944 Morris na wenzake wakavishwa mabawa. Kikosi chao kikaitwa 555.

Eti Ulaya? Wapi! 1945 walipelekwa Oregon kuzima moto msituni, maana Japani ilikuwa imerusha maputo yenye mabomu. Waliruka zaidi ya mara 1,200. Malvin Brown, mhudumu wao wa afya, alianguka kutoka mtini akafa tarehe 6 Agosti, siku ile ile ya Hiroshima. Shuleni nilifunzwa Hiroshima tu.