Walioacha Biashara Wakashika Njia ya Porini



Katika mkutano wetu uliopita, baada ya chakula cha mchana, palizuka ubishi chini ya mwembe ulio karibu na bwalo, ubishi uliokaribia kututia aibu mbele ya wake zetu. Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja jina, alisimama akatuarifu kwamba ameuza duka lake la vifaa vya ujenzi pale Korogwe pamoja na malori mawili, na kwamba anakwenda kusomea kazi ya mwindaji bingwa, yaani yule anayewaongoza wageni porini wawinde kwa leseni. Duka lile wengi wetu tunalijua. Lilikuwa na umri wa miaka kumi na minane na halikuwa na deni. Mmoja wetu akamwuliza kama amerogwa. Mwingine, ambaye ni mwalimu, akasema kwa sauti kwamba kazi hiyo ni ya Wazungu, na tangu lini Mzigua akaacha duka lake akaenda kuonyesha watu nyati?

Hapo macho yote yakanigeukia mimi, kwa kuwa nilisoma historia pale Mlimani, na watu hudhani aliyesoma historia hutembea na majibu mfukoni. Siku ile sikuwa nayo. Nimelichukua swali hilo na kukaa nalo mwaka mzima, jioni nikisha kutoka ofisini, na haya ndiyo niliyoyapata.

Nianze na hilo la kazi ya Wazungu. Sisi wa pande hizi tumekua tukisikia habari za Mbega, ambazo Sheikh Abdallah bin Hemedi aliziandika katika Habari za Wakilindi. Mbega alikuwa mtoto wa watu wenye mali huko Nguu. Kwa kuwa alikuwa kigego, ndugu zake walimnyima urithi. Akatoka na mbwa wake na mikuki yake, akawinda nguruwe waliokuwa wakila mashamba ya watu, akapita Kilindi na Zirai hadi Bumbuli, na mwisho akatawala Vugha. Watu walimpa unga, yeye akawapa nyama. Na usiku alipomwua simba akapata jina la Simba Mwene. Sisemi kwamba kila neno la hadithi ile ni historia, maana mwanahistoria hana budi kuwa mwangalifu. Nasema tu kwamba mtu aliyepoteza mali akaenda porini, naye pori likampa cheo, si mgeni kwetu. Wazungu walipofika walikuta njia hiyo imekwisha kukanyagwa.

Walichokileta wao ni kitu kingine, nacho ni hesabu za duka. Waaustralia wawili, Victor Newland na Leslie Tarlton, waliopigana katika vita ya Makaburu huko Afrika Kusini, walifungua kampuni mjini Nairobi mwaka 1904. Walikuwa madalali wa mnada na wauzaji wa ardhi. Baada ya muda wakaona kwamba tajiri anayeshuka melini Mombasa anahitaji hema, wapagazi, chumvi ya kukaushia ngozi na mtu wa kumwongoza, na kwamba vyote hivyo vyaweza kuandikwa katika hati moja ya malipo. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alisafiri kwa mpango wao, akiwa na wapagazi zaidi ya 200. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Tarlton mwenyewe, ambaye alikuwa na shabaha kali, aliiacha meza yake akaenda porini pamoja na wageni.

Ndugu msomaji, hapo nilisimama kidogo. Je, Tarlton aliacha biashara? Naona hakuiacha. Aliihamisha kutoka chini ya bati na kuiweka chini ya mbuyu. Nadhani hata mwenzetu wa Korogwe atalijua hilo akikaa chini na daftari lake.

Katika safari hiyohiyo ya Roosevelt alikuwapo kijana wa Kiingereza aitwaye Philip Percival, na huyu ndiye ninayetaka tukae naye zaidi, kwa sababu njia yake ilikuja kukaribia nyumbani kwetu. Percival alikuwa mfugaji wa mbuni upande wa Machakos. Msicheke. Wakati ule manyoya ya mbuni yalikuwa mali. Mabibi wa Ulaya waliyachomeka katika kofia zao na waliyalipia bei kubwa, na walowezi wa Ukambani walikamata vifaranga porini wakavilea zizini. Simba nao wakaja zizini. Mfugaji wa mbuni akajikuta amelazimika kujua simba analala wapi na anarudi saa ngapi, na jirani zake Percival, akina Hill, walipata sifa ya kuua simba kuliko sifa ya kufuga ndege. Ndipo ikaja mwaka 1914. Mitindo ya kofia ilibadilika, motokaa zilizo wazi hazikupatana na manyoya marefu, na vita ikafunga masoko. Bei ikaanguka, nayo biashara ya manyoya ikafa. Aliyekuwa amejifunza simba kwa ajili ya mbuni akabaki na elimu ya simba peke yake, akaiuza hiyo.

Twasikia mara nyingi kwamba watu hawa waliacha utajiri kwa ajili ya mapenzi ya pori. Wengine ni kweli. Denys Finch Hatton, aliyekuja Kenya mwaka 1911, alikuwa na ardhi na hisa katika biashara kadhaa kabla ya kushika kazi ya kuongoza wawindaji mwaka 1925, na hakufukuzwa na mtu. Lakini rafiki yake Bror Blixen, yule Mswidi, alishindwa na shamba la kahawa na jamaa wenye fedha wakamwondoa mwaka 1921. Percival aliachwa na manyoya ya kofia. Kwa hiyo mtu akiniambia fulani ameacha biashara, siku hizi nauliza kwanza nani kamwacha mwenzake.

Sasa tuje Handeni. Mwishoni mwa mwaka 1933 mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway alifika Tanganyika pamoja na mkewe, na Percival ndiye aliyekuwa mwongozi wao. Mwandishi aliugua kuhara damu akabebwa kwa ndege hadi Nairobi, akapona, akarudi. Mwezi wa Februari 1934 walikuwa wakitafuta tandala mkubwa katika nchi iliyo kati ya Kibaya na Kijungu, kando ya barabara ijayo Handeni, wakiwa na haraka kwa kuwa mvua ilikuwa njiani na barabara ile, kama mjuavyo ninyi mliowahi kukwama nayo, haingojei mtu. Kitabu alichokiandika, Green Hills of Africa, kilitoka mwaka 1935. Humo Percival anaitwa Pop, mzee mwenye busara na maneno machache, na bila shaka ndiye mtu anayependeza kuliko wote katika kitabu kizima.

Nilikisoma kwa pupa, nikitafuta jina la mtu wa kwetu. Nikakuta wenyeji wengi. Yupo mbeba bunduki wa Ukambani, M'Cola, ambaye angalau anapewa heshima ya kuitwa kwa jina. Lakini wale wafuata nyayo! Mmoja anaitwa Droopy, kwa sababu ya kope zake zilizolegea. Mwingine, wa huku kwenye tandala, anaitwa Garrick, jina la mwigizaji wa zamani wa Uingereza, kwa kuwa mwandishi aliona madaha yake yamezidi. Watu hawa ndio waliojua chumvi iko wapi, tandala anashuka lini kuilamba, upepo wa alfajiri unageuka saa ngapi. Mmarekani alipata pembe zake na dunia ikapata kitabu, lakini yule aliyeonyesha nyayo hata jina alilopewa na mama yake halimo. Sidhani kwamba Hemingway alikusudia ubaya, na katika kurasa nyingine anawasifu wafuata nyayo kuliko wazungu wenzake. Lakini ndivyo ilivyo.

Jambo hili liliniuma kwa sababu yangu mwenyewe, na hapa naomba radhi nitoke nje ya vitabu kidogo. Babu yangu mzaa baba alikuwa msasi huko Mazingara. Alikuwa na gobore na mbwa watatu, na mimi nilimwahi hadi nilipokuwa darasa la sita. Sheria za kuwinda kwa leseni zilianza tangu enzi ya Wajerumani, mwaka 1896, Waingereza nao wakatunga zao mwaka 1921, na leseni na bunduki nzuri vilikuwa vitu vya mwenye fedha. Babu hakuwa na fedha. Alituambia kwamba katika miaka ya hamsini alifungwa miezi mitatu kwa ajili ya pofu mmoja, na gobore likachukuliwa. Kiangazi kilichofuata, gari likasimama mlangoni pake. Bwana mmoja aliyekuwa na wageni alikuwa ameulizia kijijini ni nani anayejua zaidi nyayo za pofu, na watu wote walikuwa wamemtaja yeye.

Babu alikwenda. Alipata ujira wa siku kumi na mguu mmoja wa nyama. Alipokuwa akisimulia alikuwa akicheka, lakini bibi hakucheka hata mara moja. Alizoea kuinuka na kwenda jikoni.

Kwa hiyo mwalimu wetu aliposema kazi hii ni ya Wazungu, alikuwa na haki nusu. Kazi ya kujua porini ilikuwa yetu, lakini karatasi na malipo vilikuwa vya mwingine.

Habari za baada ya Uhuru nazipitia upesi kwa kuwa wengi wetu twazifahamu. Mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alitoa lile Azimio la Arusha la kuhifadhi wanyama (siyo lile la mwaka 1967, enyi vijana, msije mkakosea katika mtihani). Mwaka 1963 chuo cha Mweka kikafunguliwa, na vijana wa Kiafrika wakaanza kusomea kazi za Bwana Nyama. Mwaka 1973 Serikali ikasimamisha uwindaji wa kitalii. Mwaka 1974 likaundwa shirika la umma la TAWICO, na uwindaji uliporudishwa mwaka 1978 shirika hilo ndilo lililoushika hadi mwisho wa miaka ya themanini, vitalu vilipogawiwa makampuni. Jirani zetu wa Kenya walipiga marufuku kabisa mwaka 1977, na chama cha wawindaji bingwa kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1934, ambacho Percival alikuwa rais wake kwa miaka mingi, kikafa mwaka huohuo. Percival mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1966. Leo sheria yetu ya mwaka 2009 haiulizi rangi ya mtu. Inauliza leseni, na leseni haipatikani bila ujuzi.

Nilimpigia simu mwenzetu mwezi uliopita nikamweleza haya. Nilitegemea atafurahi kusikia habari za Tarlton. Hakujali. Aliniuliza jambo moja tu, kama babu yangu aliwahi kueleza namna ya kutofautisha unyayo wa pofu wa jana na wa leo wakati umande umekwisha kukauka. Nikamwambia sikumbuki. Na kweli sikumbuki, ingawa mzee alinieleza nikiwa nimekaa miguuni pake, nami nilikuwa nikiwazia mpira. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba duka alilichoka tangu mwaka wa tano, na hiyo miaka kumi na mitatu mingine alikuwa akimwogopa baba mkwe.

Ameniambia pia kwamba msimu unafunguliwa Julai, na kwamba ataanza kama msaidizi chini ya mtu mwingine, kwa ujira ulio mdogo kuliko aliokuwa akiwalipa madereva wake. Mkewe amekubali kwa sharti kwamba nyumba ya Korogwe haiuzwi. Anawatafuta wazee waliowahi kufuata nyayo kwa ajili ya wageni, wa Kang'ata, Sindeni, Kwamsisi, Mazingara na vijiji vya kuelekea Kijungu, ili akae nao kabla hawajaondoka. Amenunua daftari la jalada gumu, na humo anaandika majina yao matatu matatu, na jina la kijiji. Hadi tulipozungumza alikuwa amepata wazee wanne, mmoja wao haoni tena.

Mwenye babu, baba au mjomba wa namna hiyo, na aandike kwa mhariri wa jarida hili, naye atamfikishia. La babu yangu nimekwisha kulipeleka.