Shilingi 105 zilizotikisa nchi tatu

Sisi boom likichelewa siku tatu tu, hosteli nzima haikaliki. Sasa fikirieni mtu anayedai hela yake akiwa na bunduki mkononi.

Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambi ya Colito, Dar, ambayo leo ni Lugalo. Walitaka mambo mawili: mshahara upande kutoka shilingi 105 kwa mwezi hadi 260, na maofisa wa Kiingereza waondoke. Uhuru ulishatimiza miaka miwili, lakini mkuu wa jeshi alikuwa bado Mwingereza, Brigedia Sholto Douglas. Kwa hiyo wanaosema ishu ilikuwa njaa tu, mimi siwaungi mkono. Askari alikuwa anauliza: huu uhuru kambini utafika lini?

Oscar Kambona, waziri aliyeshika mambo ya nje na ulinzi, ndiye aliyekwenda kuongea nao. Kesho yake Tabora nao wakaasi. Tarehe 23 ikafuata Jinja kule Uganda, na 24 Lanet, karibu na Nakuru. Haishangazi jamani, majeshi yote matatu yalizaliwa na KAR ya mkoloni.

Nchi zote tatu ziliomba msaada wa askari wa Uingereza. Kwa Mwalimu ile ilikuwa aibu kubwa, na hakuificha. Ila baada ya hapo kila mmoja alishika njia yake. Mwalimu alilivunja jeshi zima, na Septemba 1, 1964 ikazaliwa JWTZ, jeshi lililofungamana na TANU. Kenyatta aliwapeleka waasi mahakama ya kijeshi na kikosi chao kikavunjwa. Obote? Waziri wake Felix Onama alishikiliwa na askari kule Jinja, akakubali kuwaongezea mshahara, na nyongeza ikabaki.

Hapo ndipo ninapoona somo. Askari wa Uganda walijifunza kwamba ukimkamata waziri, unalipwa. Januari 25, 1971, Idi Amin akampindua Obote. Sisemi mshahara peke yake ndio ulioleta mapinduzi, kulikuwa na mengi katikati. Lakini mlango ulishafunguliwa. Na adhabu peke yake nayo haikutosha: Agosti 1, 1982 wanajeshi wa anga wa Kenya walijaribu kupindua serikali.

Msimamo wangu ni huu. Dai la wale askari lilikuwa na haki ndani yake, njia ndiyo iliyokuwa mbaya. Serikali inayongoja mpaka bunduki iongee ndipo isikie, imeshachelewa, iwe italipa au itaadhibu. Askari akiwa na pa kusemea shida yake mapema, hana sababu ya kuvunja ghala la silaha.

Haya, nawahi semina.