Majaribio ya dawa za uraibu wa vichangamshi
Majaribio ya dawa za uraibu wa vichangamshi ni tafiti za kitabibu zinazotafuta dawa za kuwasaidia waraibu wa kokeini, amfetamini na methamfetamini waache na wasirudie. Hadi mwaka 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani haikuwa imeidhinisha dawa yoyote kwa kazi hiyo. Waraibu wa heroini wana methadoni, ambayo nchini Tanzania ilianza kutolewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011.

Ugumu wake
Methadoni hushika vipokezi vilevile vya ubongo vinavyoshikwa na heroini, hivyo hutuliza arosto. Vichangamshi hufanya kazi kwa njia nyingine: huongeza dopamini kati ya seli za neva. Hata baada ya miezi mingi bila kutumia, hamu inaweza kuamshwa na mahali, watu au vifaa vya zamani. Disulfiramu, modafinili na topiramati zilijaribiwa kwa waraibu wa kokeini, lakini matokeo yalitofautiana.

Jaribio la ADAPT-2
Jaribio hili lilifanyika Marekani kwa watu 403 wenye uraibu wa methamfetamini, likiongozwa na Madhukar Trivedi. Matokeo yalichapishwa Januari 2021 katika New England Journal of Medicine.

Kundi moja lilipewa sindano ya naltreksoni kila baada ya wiki 3 pamoja na vidonge vya bupropioni kila siku. Kundi lingine lilipewa plasebo, yaani sindano na vidonge visivyo na dawa. Jaribio lilidumu wiki 12. Aliyehesabiwa kufaulu ni yule ambaye angalau vipimo 3 kati ya 4 vya mkojo havikuonyesha methamfetamini.

Waliofaulu kwa dawa walikuwa asilimia 13.6, na kwa plasebo asilimia 2.5. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini wengi wa waliopewa dawa hawakufaulu. Aidha, anayetumia heroini hapaswi kupewa naltreksoni, kwani huweza kumletea arosto kali ghafla.

Tiba nyingine
Kwa sasa tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi si dawa. Ni utaratibu wa kumpa mraibu zawadi ndogo kila kipimo chake cha mkojo kinapokuwa safi, pamoja na ushauri nasaha. Kwa hiyo dawa hutafutwa ili kuongeza nguvu ya tiba hizo, si kuziondoa.