Zaidi ya miaka 40 ya binti wa kwenye gemu

Asubuhi moja Rangwi, milimani Lushoto, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya viazi, nilikuta wavulana wamebanana ndani ya kibanda cha gemu: televisheni moja, pedi mbili, Tekken 3 ya mwaka 1998. Mmoja alimchagua Ling Xiaoyu, msichana wa shule aliyefunga nywele mafungu mawili. Wenzake wakamcheka: "Unacheza na demu?" Dakika moja haikupita, kicheko kikakatika. Xiaoyu alimgeuzia mpinzani mgongo, akachutama, teke likapita juu ya kichwa chake, kisha akainuka na kumlaza mtu chali.

Kicheko kile kina asili yake. Mwaka 1981 Nintendo ya Japani ilitoa Donkey Kong: sokwe kamteka binti, seremala anapanda ngazi kumfuata. Binti mwenyewe kazi yake ilikuwa kuomba msaada tu. Mwaka 1985 likaja Super Mario Bros., ambamo mchezaji huteka ngome saba na katika kila moja huambiwa binti mfalme yuko ngome nyingine. Mashine za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu finyu, hazikubeba hadithi ndefu. Binti aliyetekwa alieleweka papo hapo.

Ms. Pac-Man wa mwaka 1982 angalau aliongozwa na mchezaji, ingawa alikuwa Pac-Man yuleyule, kafungwa utepe na kupakwa rangi ya mdomo. Mwaka 1986, katika Metroid, shujaa alipigana ndani ya deraya tangu mwanzo, na mwishoni ndipo ikajulikana kuwa ni mwanamke, Samus Aran. Lakini kadiri ulivyomaliza gemu haraka, ndivyo alivyoonyeshwa na nguo chache. Vita kapigana yeye, na zawadi ni yeye.

Chun-Li wa Street Fighter II aliingia ulingoni mwaka 1991, mwanamke peke yake kati ya wapiganaji wanane wa kuchagua. Mwaka 1996 kampuni ya Core Design ya Derby, Uingereza, ikamleta Lara Croft, msomi wa mambo ya kale mwenye bastola mbili. Ndani ya gemu alikuwa jasiri. Kwenye matangazo waliuza kifua chake. Aliyembuni, Toby Gard, hakupendezwa na namna alivyotangazwa, akaondoka mwaka 1997. Lara aliyesukwa upya mwaka 2013 anatokwa na damu, anaogopa, anajifunza.

Hata gemu za mpira zilichelewa kuwapa wanawake nafasi. FIFA 16, ya mwaka 2015, ndiyo ya kwanza katika mfululizo huo kuwa na timu za wanawake: nchi 12, hakuna hata moja ya Afrika. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, walikuwa wameshacheza fainali za Afrika mwaka 2010.

Waliogeuza kibao kwetu Afrika Mashariki ni wachezaji wenyewe. Mkenya Sylvia Gathoni, maarufu kama QueenArrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya Marekani, XiT Gaming, kwa umahiri wake katika Tekken.

Nilipotoka kibandani, msichana alikuwa amesimama mlangoni, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, macho kwenye televisheni. Ndani Xiaoyu alikuwa anashinda tena, mikononi mwa mvulana.