Misuli ipi?

"Dawa za kusisimua misuli," husema watangazaji kila mwanariadha wetu anapofungiwa. Mji wa Kale, Mombasa, msuli ni nguo ya kujifunga kiunoni pia, kwa hiyo mzee wa Kibokoni akicheka tusimlaumu. Jina hilo la watangazaji lingezifaa steroidi. Lakini Rita Jeptoo, bingwa wa marathoni, alinaswa na EPO mwaka 2014. Dawa hiyo huongeza chembe nyekundu za damu, zibebazo oksijeni. Mkimbiaji mwenzake, Ruth Chepng'etich, alifungiwa miaka 3 mwaka 2025 kwa haidroklorothiazidi, dawa ya presha inayomkojoza mtu, iliyokatazwa kwa kuwa yaweza kuficha nyingine. Msuli uko wapi hapo? Wahariri, andikeni "dawa zilizopigwa marufuku", kisha mtaje dawa yenyewe.