Kata ya Maji: Safari na Ukarimu katika Nchi ya Masasi na Newala

Mtu atokaye Masasi asubuhi aweza siku hizi kula chakula cha mchana Newala, akasimama ukingoni mwa Shimo la Mungu akatazama bonde la Ruvuma hadi macho yachoke, kisha akarudi kwake kabla ya usiku kuingia. Safari hiyo imekuwa jambo jepesi, na wako waifanyao siku ya Jumamosi au Jumapili kwa kuburudika tu. Babu zao waliijua njia hiyo hiyo kwa namna nyingine. Kabla ya kuuliza njia ni ndefu kiasi gani, waliuliza kwanza maji yako wapi.

Yafaa msomaji aelewe hali ya nchi yenyewe. Masasi iko chini, upande wa magharibi, katika tambarare yenye vilima vya mawe matupu vilivyosimama peke yake, kama kile cha Mtandi. Newala iko juu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, ambao upande huo hufikia kama mita 900 kutoka usawa wa bahari na huinama polepole kuelekea pwani. Uwanda huo ni wa mchanga na mawe ya mchanga. Mvua inyeshapo, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, maji hayatuami juu wala hayafanyi mito. Huzama ardhini, yakapita chini kwa chini, yakatokea kwenye chemchemi za mabondeni na za pembezoni, chini ya mitelemko. Ndanda, palipo na misheni na hospitali, pana maji mengi kwa sababu pako miguuni mwa uwanda huo. Kwa hiyo wenye vichaka vizito na udongo wa kulimika walikuwa juu, na maji yao yalikuwa chini.

Mgeni asiyejua hudhani kwamba watu walikosea kuchagua makao. Wamakonde wenyewe wana jibu lao. Katika hadithi ya asili yao, ambayo iliandikwa na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20, mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti, na jua lilipochomoza sanamu ikawa mtu hai. Watoto waliowazaa karibu na maji walikufa. Ni yule aliyezaliwa juu, mbali na mto, ndiye aliyeishi. Hapo ndipo ulipotoka usia kwamba watu wajenge juu na wayaepuke mabonde, kwa kuwa maji makubwa huleta maradhi na mauti. Historia nayo inaunga mkono usia huo kwa njia yake. Katika karne ya 19 mabonde yalikuwa njia za misafara ya watumwa na za wavamizi, na vichaka vya juu vilikuwa ngome isiyohitaji ukuta. Watu walinunua usalama wao kwa kiu.

Mzigo wa bei hiyo ulibebwa zaidi na wanawake. Wakati wa kiangazi waliondoka kabla ya alfajiri, wakateremka genge, wakangoja zamu mahali ambapo maji yalitoka kidogo kidogo, wakapanda tena na mtungi kichwani. Siku nzima yaweza kwisha kwa mtungi mmoja. Maji ya mvua yalikingwa kila yalipoweza kukingwa. Maji ya kunawia yalipimwa, na yaliyokwisha kutumika mara moja hayakumwagwa ovyo.

Hapo ndipo msomaji atakapoelewa maana ya kata ya maji anayopewa mgeni. Katika sehemu nyingi za nchi yetu kumpa mgeni maji ni mwanzo tu wa mapokezi, ni adabu ndogo itanguliayo chakula. Kwenye uwanda wa Makonde kata ile ilikuwa ndiyo mapokezi yenyewe. Ugali waweza kupikwa tena kesho kutokana na mihogo iliyomo shambani. Maji yale yalikuwa nusu ya siku ya mama wa nyumba. Mgeni mwenye malezi alikunywa kiasi, akairudisha kata kwa mikono miwili. Aliyekunywa yote na kuomba tena alijulikana mara moja kuwa ametoka nchi ya mito.

Safari zenyewe zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa safari ndefu ya kwenda pwani, Lindi au Mikindani, wakati wa kiangazi baada ya mavuno. Wasafiri walichukua nta, mpira wa porini, ufuta na nafaka, wakarudi na chumvi, nguo na samaki wakavu. Chakula cha njiani kilikuwa kile kisichohitaji maji mengi: mihogo ya kuchoma, karanga za kukaanga, mahindi makavu. Makopa, ambayo ndiyo akiba kubwa ya nyumbani, hayakufaa sana njiani, maana hutaka kutwangwa na kusongwa, na kusonga ugali bila maji hakuwezekani. Kila msafiri alikuwa na kibuyu chake, na wakubwa waliwafundisha vijana kunywa asubuhi na jioni na kuuvumilia mchana. Walipofika kijiji kigeni walitafuta kwanza watu wa ukoo mmoja nao. Kwa kuwa Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kijana aliweza kukuta mjomba mahali ambapo hajapata kufika, na kwa mjomba hapakosekani kata ya maji.

Safari ya pili ilikuwa fupi, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na matembezi ya siku hizi. Hiyo ni safari ya kwenda ngomani. Mavuno yakiisha, na ghala zikiwa na kitu, vijiji vilitoa watoto wao jandoni na unyagoni, na siku ya kutoka kwao watu walikusanyika kutoka mbali. Wamakonde walitoa mapiko, ile ngoma ya mchezaji avaaye kinyago cha mti. Ngoma ya sindimba nayo imejulikana taifa zima tangu wakati wa Uhuru. Watu walikwenda kwa siku mbili tatu, wakala, wakanywa pombe ya mtama, wakaposa, wakamaliza kesi za zamani, wakarudi. Mwenye sherehe alianza kujitayarisha wiki nyingi kabla, na kazi iliyokuwa nzito kuliko zote haikuwa kulima mtama wa pombe bali kuteka maji ya kuipikia. Pombe iliyojaa mitungi kumi ilikuwa ushahidi wa jamaa wengi wenye shingo imara.

Historia ya Masasi nayo ilianza upya kwa safari iliyokatizwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu aliwatoa Unguja watu waliokombolewa utumwani, akaja nao kwa njia ya Lindi. Nia yake ilikuwa kuwafikisha mbele zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi waliona udongo mzuri, maji na vilima, nao walikuwa wamechoka. Wakaona hapo panatosha. Mji ambao leo ni njia panda ya kusini ulipata hivyo sehemu ya wakazi wake, yaani wageni waliopumzika wasiendelee. Miaka sita baadaye, mwaka 1882, Wangoni walioitwa Magwangwara waliuvamia, wakachoma na kuteka watu. Misheni ikakimbilia juu, Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Hivyo uwanda usio na maji ukawapokea walioshambuliwa kwenye nchi yenye maji, na usia wa wazee ukathibitika kwa mara nyingine.

Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikielekea mwisho wake, alipita huku Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka Leipzig, akiwa na mashine ya kunasa sauti na ya picha za sinema. Alikaa Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta, akirekodi nyimbo na kuuliza habari za jando. Kazi yake ina manufaa hata leo, ingawa aliiona nchi kwa jicho la mtawala. Mtafiti huyo na wapagazi wake walikula na kunywa kama wageni wengine, na maji yao yalichotwa chini, yakapandishwa kwa vichwa vya watu. Mwaka 1917 yakaja majeshi, Wajerumani wakirudi nyuma na Waingereza wakiwafuata, hata Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma huko Ngomano mwezi wa Novemba. Wageni hao hawakubisha hodi, wala hawakuirudisha kata.

Tuje sasa kwenye chakula, maana hapa kuna jambo linalonisikitisha. Nchi hii ina vyakula vitatu ambavyo watu wa mbali huvicheka. Cha kwanza ni ming'oko, mizizi ya mwituni iliyo jamii ya viazi vikuu. Wanawake huichimba porini, wakaichemsha kwa chumvi, na mlaji huimenya kwa vidole. Ming'oko imewaokoa watu katika miaka ya njaa, lakini kwa kosa hilo hilo imeitwa chakula cha njaa, hata katika mwaka wa neema. Cha pili ni panya wa shambani, ambao wenyeji kwa utani mtamu huwaita samaki nchanga. Si panya wa nyumbani. Ni wale walao nafaka na mizizi, wanaotegwa baada ya mavuno, wakabanikwa na kukaushwa. Mahali pasipo mto wala malisho ya ng'ombe, ambapo mbung'o aliwazuia watu kufuga, kitoweo hicho kilikuwa hekima kamili. Jina lenyewe limejaa historia: watu waliokosa mto walivua mchangani.

Cha tatu ni kinywaji. Mkorosho uliletwa pwani ya Afrika ya Mashariki na Wareno, na katika karne ya 20 ukageuka kuwa uchumi wa Newala na Masasi. Serikali na wanunuzi huhesabu korosho. Wenyeji huhesabu na bibo pia. Msimu unapofika, kuanzia Septemba au Oktoba, mabibo hukamuliwa, na maji yake yakilala kidogo huwa uraka. Wa siku ya kwanza ni mtamu, hata wazee hunywa bila kulewa, ukikaa, hukasirika. Nipa itokanayo na kuuchemsha na kuukusanya mvuke wake ni kitu kingine, nacho kimeleta hasara nyingi majumbani na sheria haikiruhusu kutengenezwa kiholela, sitakitetea. Lakini uraka huja wakati nchi imekauka kabisa na visima vina foleni ndefu. Sijaona mwandishi aliyelitilia maanani jambo hilo: katika miezi ya kiu kubwa, mti ulijaza vyombo ambavyo chemchemi haikuweza kuvijaza.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika miaka ya 1950, ulipoanza mradi wa kuyasukuma maji kutoka mabondeni hadi juu kwa mitambo na mabomba. Chanzo cha Mitema, katika bonde la Kitangari, kimekuwa tegemeo la Newala na Tandahimba. Mradi umeharibika na kutengenezwa mara nyingi, na bomba likikauka njia za zamani hukanyagwa tena. Hata hivyo mama aliyepata bomba kijijini alipata pia siku yake. Usafiri nao haukwenda kwa mstari ulionyooka. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, ambayo tawi lake lilifika Masasi, ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Barabara ndiyo iliyobaki. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, huko Mtambaswala, mwaka 2010. Kwa hiyo Masasi sasa hutembelewa na watu wa Dar es Salaam na wa Msumbiji.

Wageni hao huja kwa mabasi na magari madogo. Hupiga picha kwenye mawe ya Masasi, hupita Lupaso alikozaliwa na kuzikwa Rais Benjamin Mkapa, hupanda Newala kuliona Shimo la Mungu. Wakisikia njaa huingia mgahawani, na mgahawa huwapa wali kwa kuku, au chipsi, kama walivyokula walikotoka. Ming'oko huwapita dirishani stendi, kwenye sinia la mama anayeuza, nao hufikiri ni mizizi ya dawa. Nimepata kumwuliza mwenye mgahawa mmoja kwa nini hapiki kisamvu cha karanga, mbaazi, wala ming'oko, hali yeye mwenyewe huvila nyumbani. Alinijibu kwamba mgeni hawezi kupewa chakula cha kawaida. Jibu hilo lilitoka katika heshima, lakini matokeo yake ni kwamba mgeni hurudi kwake bila kuijua nchi aliyoitembelea.

Na pale ukingoni, upepo wa jioni ukivuma kutoka bondeni, mgeni hutazama mbali, kule Ruvuma na milima ya ng'ambo. Ni mara chache hutazama chini ya miguu yake, penye vijia vyembamba vinavyoteremka gengeni. Bibi mmoja niliyemkuta hapo alivionyesha kwa kidole, akasema alipokuwa msichana aliweza kuvipanda gizani bila kumwaga tone. Kisha akaniuliza kama nimekunywa maji tangu nilipofika.