Simu ya Ofisi Ndogo: Tangu Seng'enge Hata Intaneti

Katika kurasa nyingine za kitabu hiki mtasoma habari za ghala, za mizani na za malipo ya kila msimu. Mimi nimepewa kazi ya kueleza habari za chombo kidogo kilicho juu ya meza ya karani wetu, ambacho wengi wenu mmekwisha kuzungumza nacho bila ya kukiona: simu ya ofisi ipitayo katika intaneti. Chombo hicho kina historia, na historia hiyo yawahusu wakulima zaidi kuliko mtu awezavyo kudhani.

Alexander Graham Bell alipewa hati ya haki ya uvumbuzi wa simu huko Marekani mwezi wa Machi, 1876. Kwa muda wa miaka 17 hati hiyo ililindwa na sheria, na kampuni iliyoishika ilipeleka nyaya zake mijini, mahali penye fedha. Mashambani haikuona faida. Hati za kwanza zilipokwisha muda wake, mwaka 1893 na 1894, wakulima hawakungoja tena. Walichangishana fedha, wakakata nguzo kwa mikono yao, wakaunda vyama vyao vya simu. Wengine, hasa katika nchi za ufugaji upande wa magharibi, hawakununua hata waya: walifunga simu zao katika seng'enge za mashamba, na sauti ikapita katika waya ule ule uliozuia ng'ombe. Mvua iliponyesha sauti ilififia, na ua ulipokatika majirani wote walinyamaza. Waya mmoja ulitumiwa na nyumba nyingi, kila nyumba ikiwa na namna yake ya mlio, na aliyependa mambo ya watu aliinua chombo chake polepole akasikiliza. Nadhani desturi hiyo haikufia huko.

Mwaka 1920 mashamba kama 39 katika kila 100 ya Marekani yalikuwa na simu. Mwaka 1940 yalikuwa 25 tu. Dhiki kuu ya biashara ya miaka ya 1930 ndiyo hulaumiwa, na ni haki ilaumiwe. Lakini lilikuwapo kosa jingine, nalo lilitangulia dhiki. Vyama vingi vilikusanya fedha za kujenga, visiweke akiba ya kutengeneza. Nguzo zikaoza zikisimama, nyaya zikashika kutu, na mwanachama aliyeona hasikii kitu hakuona sababu ya kulipa ada. Hata mwaka 1949 ndipo serikali yao ilipopitisha sheria ya kukopesha fedha za simu za mashambani, na vyama vya ushirika vilikuwa miongoni mwa waliokopeshwa.

Waya peke yake si simu. Lazima pawe na mahali pa kuunganisha anayeita na anayeitwa, na mwenye mahali hapo ana nguvu kubwa. Husimuliwa kwamba Almon Strowger, aliyefanya biashara ya maziko katika mji wa Kansas City, alishuku kuwa opereta wa simu alikuwa akiwapeleka wafiwa kwa mshindani wake. Ukweli wa kisa ni wa wasimulizi; ila mwaka 1891 alipata hati ya mtambo uunganishao simu pasipo opereta, na mwaka uliofuata kituo cha kwanza cha namna hiyo kikafunguliwa La Porte, katika jimbo la Indiana. Baadaye maofisi makubwa yalinunua swichibodi zao wenyewe. Ofisi ndogo haikuweza gharama hiyo, ikaishi na simu moja na foleni ya watu mbele yake.

Njia nyingine ilianza kufunguliwa mwaka 1974, Danny Cohen na wenzake walipopitisha mazungumzo katika mtandao wa kompyuta, baina ya California na Massachusetts. Jinsi jambo hilo lifanyikavyo, mkulima ataelewa upesi akikumbuka magunia. Sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde na kugeuzwa tarakimu. Tarakimu hizo hufungwa katika vifurushi, aghalabu 50 kwa sekunde, na kila kifurushi huandikwa kiendako na zamu yake, kama gunia liandikwavyo namba ya mwenyewe. Vyaweza kupita njia mbalimbali. Mwisho wa safari hupangwa upya. Tofauti ni moja: gunia likichelewa hupokewa, bali kifurushi cha sauti kikichelewa hutupwa, kwa kuwa neno lililopitwa na wakati halifai tena.

Mwaka 1995 kampuni ya VocalTec ya Israeli ilianza kuuza programu ya kuzungumza kwa intaneti kwa watu wa kawaida. Ila kwa ofisi ndogo mimi naona mwaka mkubwa zaidi ni 1999. Mwaka huo Mark Spencer, kijana mwanafunzi wa Alabama, alikuwa ameanzisha kazi yake kwa mtaji mdogo. Alihitaji swichibodi, akauliza bei, akaona haiwezi. Basi akaandika programu ya kuifanya kompyuta ya kawaida iwe swichibodi, akaiita Asterisk, kwa jina la ile alama ya nyota, na akaitoa bure pamoja na maandishi yake yote ili kila mtu aitumie na kuitengeneza.

Kwetu Afrika Mashariki bure hiyo haikutufaa mara moja. Intaneti yetu ilipita zaidi katika setilaiti zilizo kilomita kama 36,000 juu, na kupanda na kushuka kwa sauti kulichukua robo ya sekunde kwa upande mmoja. Wazungumzaji walikatana maneno kama watu wagombanao. Mkonge wa SEACOM uliofika Mombasa na Dar es Salaam kwa njia ya bahari ulianza kazi Julai 2009, na mingine ikafuata; kuanzia hapo mazungumzo yakawa mazungumzo.

Sasa nirudi nyumbani. Wazee wa chama wanakumbuka kwamba miaka yetu ya kwanza simu ya ofisi ilikuwa simu ya mkononi ya katibu, na kadi yake ilisajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Alipoacha kazi, namba ilikwenda naye. Msimu mzima makatibu wa vyama vya msingi walipiga simu kuuliza bei na siku ya lori, wakajibiwa na mtu aliyekuwa shambani kwake, asiyejua lolote. Hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu. Namba ya leo ni mali ya chama. Ikipigwa hulia mezani kwa karani, na asipokuwapo huhamia kwa mhasibu au kwa bwana ghala.

Lakini mali hutaka mlinzi. Simu za waya za zamani zilipata umeme wake katika kituo cha simu. Hii yetu umeme ukikatika hufa, pamoja na intaneti yake. Tena wako wezi wajaribuo maneno ya siri usiku kucha ili wapige simu za nchi za mbali kwa gharama ya mwenye ofisi. Fundi alituachia neno la siri la tarakimu nne zinazofuatana, nasi tulikaa nalo miezi minane kabla ya kijana mmoja wa hesabu kulibadili.

Mkutano uliopitisha fedha za kununua mitambo hii haukuweka hata senti moja ya matengenezo. Betri iliyopo haimalizi nusu siku. Halmashauri imeandika kifungu cha betri ya pili na cha fundi katika makisio ya mwaka ujao, nacho kitasomwa mbele yenu katika Mkutano Mkuu, baada ya hesabu za ghala.